Usibonyeze "Kubali" Kwanza

Mvua ya masika ilianza usiku, na mpaka saa mbili asubuhi ilikuwa haijapumzika. Tulikuwa uwanja wa ndege wa Tanga, abiria kumi na mmoja na wasindikizaji wao, tumebanana kwenye mabenchi huku kila mmoja akichungulia nje. Shangazi yangu alikuwa amekwisha pimwa kwenye mizani, yeye na begi lake, kama wanavyopimwa abiria wote wa ndege hizi ndogo za injini moja ambazo kila kilo ina hesabu yake. Mapajani amepakata kikapu cha ukili: ubuyu, achari ya ndimu, na visheti alivyokaanga mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile. Binti yake yuko Maskati na alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mama mtu alikuwa anakwenda kumkanda.

Safari yenyewe ilikuwa vipande viwili. Ndege ndogo saa tatu asubuhi, Tanga hadi Dar es Salaam. Halafu ndege kubwa saa kumi na moja jioni, Dar es Salaam hadi Maskati. Tiketi mbili, kampuni mbili, na kila moja haina habari na mwenzake. Hilo la tiketi mbili nitalirudia, maana ndilo lililotutoa jasho.

Saa tatu kasorobo kijana wa kaunta akatoka, akasimama mlangoni. "Samahanini wazee wangu, ndege ya leo haiji. Hali ya hewa."

Watu wakanyanyuka. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyeuliza. Wengine walikuwa wameshapiga simu kutafuta usafiri wa kwenda stendi ya Kange kabla kijana hajamaliza kusema. Baada ya dakika kumi walibaki wachache tu, na wale wote walioondoka waliondoka bila karatasi, bila ahadi, bila hata kujua kama nauli yao inarudi. Shangazi naye alishaanza kujitanda vizuri khanga yake. "Mwanangu, ya Mungu hayo. Twende zetu tukapande basi."

Nikamwambia, "Shangazi, kaa kwanza."

Mimi nina kiofisi Chumbageni. Nakatia watu tiketi, natoa fotokopi, nawasaidia watu kujaza fomu za pasi. Mwaka wa kumi na tatu huu. Katika kazi hii nimeona pesa nyingi za watu wa Tanga zikipotea, na nyingi hazikupotea kwa kunyang'anywa. Zimepotea kwa sababu mtu aliona haya kuuliza. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo: ukiambiwa haiwezekani unasema haya, unashukuru, unaondoka. Kwa jirani na kwa mkwe huo ni uungwana. Lakini tiketi ni mkataba. Umeshatoa fedha zako, na upande wa pili bado una deni la kukufikisha. Ndege ikifutwa au saa zikibadilishwa, aliyegeuza makubaliano si wewe, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kuchagua linalofuata.

Nikarudi kaunta na maneno matatu. La kwanza: safari imefutwa au imeahirishwa? Watu huona ni mamoja, lakini sivyo. Ikiahirishwa, bado wanakudai subira. Ikifutwa, wewe unawadai. Kijana akasema imefutwa. La pili: je, tunaweza kurudishiwa nauli yote, au kupangiwa ndege ya kesho bila kuongeza kitu? Akasema vyote viwili vinawezekana, tuchague. Angalia hapo: chaguo lilikuwepo. Hakulificha, ila pia hakulitangaza, na wale waliokwisha panda bajaji hawakulisikia. La tatu nikamwomba atuandikie.

Hapo ndipo alipositasita. Si kwa ubaya, nadhani hakuna aliyewahi kumwomba. Mwishowe akachana karatasi kwenye daftari la mistari, akaandika kwa kalamu ya bluu tarehe, namba ya safari, jina la shangazi kama lilivyo kwenye pasi, na sentensi moja: "Safari imefutwa kwa sababu ya hali ya hewa." Akagonga mhuri. Wino wa zambarau ulikuwa umekauka upande mmoja, nusu ya duara haikutoka, akagonga tena juu yake. Nikaipulizia, nikaitia kwenye bahasha ya nailoni pamoja na pasi. Ile karatasi ya daftari ilitufaa siku ile kuliko tiketi zote mbili.

Tuliomba nauli irudishwe, maana kesho isingetusaidia kitu. Ndege ya Maskati ilikuwa jioni ileile.

Niseme jambo moja kuhusu hali ya hewa, kwa kuwa sitaki nieleweke vibaya. Rubani akikataa kuruka, mimi simgombezi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafa. Tangu siku ile, mtu akiniambia mawingu hayafai namshukuru kwa dhati. Lisilo budi hutendwa. Kufutwa kwa sababu ya mvua si kosa. Kosa ni kumwacha abiria aondoke hajui kwamba nauli yake bado ni yake.

Tulikodi Noah, sisi na abiria wengine watatu waliokuwa na haraka kama yetu, tukachangia. Kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Unatoka Muheza, unafika Segera, unashuka kusini, halafu unachagua: uendelee mpaka Chalinze upambane na malori, au ukate Msata ushike barabara ya Bagamoyo. Saa nne na nusu tuliondoka. Kabla ya Segera lori lilikuwa limelala kando ya barabara na magari yakipishana kwa zamu. Pale tulipoteza saa nzima. Shangazi alikuwa kimya, anavuta tasbihi. Kila nikitazama saa naona hesabu inakataa.

Tulipofika Msata ilikuwa inakaribia saa tisa. Nikamwambia dereva asimame dukani, nikashuka nje ya kelele, nikapiga simu ile kampuni kubwa.

Hapa kuna jambo ambalo natamani kila msafiri alijue. Usipotokea kwenye ndege na hukutoa taarifa, kampuni nyingi hazifuti kile kiti kimoja tu. Mfumo unakuandika kuwa hukutokea, na tiketi yote iliyobaki inafutika, pamoja na ile ya kurudi. Mtu anafika Dar es Salaam saa moja baada ya mlango kufungwa, anadhani amepoteza safari ya kwenda, kumbe amepoteza mbili. Lakini ukipiga simu ndege haijaondoka, wewe bado ni abiria mwenye tiketi hai anayeomba kubadilisha siku. Tofauti yake ni dakika chache na simu moja.

Dada aliyepokea alinisikiliza. Nikamwambia: abiria ni mama wa miaka 68, ana kisukari, ndege yake ya kumleta Dar es Salaam imefutwa, ninayo karatasi yenye mhuri. Akaniuliza kama ile ndege ya Tanga ilikuwa kwenye tiketi yao. Nikasema hapana, na sikusema uongo. Akanijibu kwa upole kwamba kwa kuwa tiketi ni mbalimbali, kisheria hawahusiki na kilichotokea Tanga. Na kweli hawakuhusika. Tukabishana kidogo kuhusu tofauti ya nauli, nikaomba nitume picha ya ile karatasi, akakubali kuipeleka kwa msimamizi. Baada ya dakika ishirini, tukiwa tumeshaingia barabara ya Bagamoyo, ujumbe ukaingia: shangazi amehamishiwa kesho yake, alipe ada ya kubadilisha tu, tofauti ya nauli wameisamehe. Nikalipa kwa simu tukiwa bado njiani.

Usiku ule tulilala kwa ndugu, Mwenge. Visheti vilikuwa bado vizima.

Sasa lile la tiketi mbili. Kama vipande vyote viwili vingekuwa kwenye tiketi moja, kampuni iliyouza ndiyo ingebeba mzigo wa kumfikisha Maskati, hata kama ndege ya kwanza ni ya mwenzao. Ukikata mbalimbali kwa sababu ya unafuu, ule mzigo umeuchukua wewe kichwani. Watu wa Tanga hatuna njia nyingi hapa, kwa sababu ndege hizi ndogo mara nyingi haziuzwi pamoja na zile kubwa. Ndiyo maana siku hizi wateja wangu wa miezi ya masika nawashauri waende Dar es Salaam siku moja kabla. Wengine huona nawaongezea gharama. Gharama ya kulala kwa shemeji usiku mmoja inajulikana. Ya kukosa ndege ya kimataifa huwezi kuijua mpaka ikukute.

Lakini mabadiliko ya saa yanasumbua watu wengi zaidi kuliko kufutwa. Kufutwa kuna kishindo, kila mtu anasikia. Mabadiliko ya saa huja kimyakimya, wiki tatu au miezi miwili kabla, kwa barua pepe yenye maneno matamu na kitufe kimoja kikubwa kimeandikwa "Kubali". Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna chaguo nyingine, au kuna namba ya simu tu. Watu wanabonyeza kile kikubwa. Ukishabonyeza, umeingia makubaliano mapya kwa hiari yako, na ukija kulalamika baadaye utaonyeshwa saa na dakika uliyokubali.

Na wengi hawaioni hata hiyo barua pepe. Nitasema wazi kwa sababu ni aibu ya kazi yetu sisi mawakala: wapo wanaokatia watu tiketi na kuandika namba ya simu na barua pepe ya ofisi badala ya za abiria. Taarifa zote zinakwenda kwa wakala. Wakala yuko harusini, au amebadilisha laini, au amesahau. Mzee mmoja wa Ngamiani, Barabara ya 15, alikwenda Umra na kikundi. Wakati wa kurudi ndege ikawahishwa karibu nusu siku. Ujumbe ulilala kwenye simu ya wakala aliyekuwa Tanga, na mzee akafika uwanjani Jeddah ndege imeshaondoka alfajiri. Watoto wake walichanga kumnunulia tiketi mpya. Mtu akikukatia tiketi, mwombe akuonyeshe namba iliyoandikwa mle. Iwe yako, au ya mwanao anayesoma ujumbe wake.

Kuna kitu kingine nasikia kila wiki: "Yangu ilikuwa ya bei ya ofa, hairudishwi." Ni kweli hairudishwi, wewe ukibadili nia. Ukiugua, harusi ikiahirishwa, ukipata kazi nyingine, hapo sharti la tiketi ya bei nafuu linakubana. Lakini wao wakishindwa kuitoa ile safari waliyokuuzia, sharti lile halina nguvu ileile. Marekani wameliandika hili bila kuzunguka. Tangu tarehe 28 Oktoba 2024 kanuni zao zinataka abiria arudishiwe pesa, hata kwa tiketi zinazoitwa zisizorudishwa, ikiwa safari imefutwa au imebadilishwa sana na yeye hakukubali mbadala. Na "sana" wameipa kipimo: saa 3 au zaidi kwa safari za ndani, saa 6 kwa za kimataifa. Kukubadilishia uwanja wa ndege au kukuongezea kituo cha kubadilisha ndege nako kunahesabika. Pesa zirudi ndani ya siku 7 za kazi kama ulilipa kwa kadi, siku 20 kwa njia nyingine. Zinahusu safari za kwenda, kutoka na ndani ya Marekani. Mtanzania mwenye tiketi ya kwenda kumwona mwanawe Houston zinamgusa.

Ulaya walitangulia zamani. Kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004 ilianza kutumika Februari 2005, na mpwa wangu anayesoma Ujerumani ndiye aliyenifundisha ilivyo. Alikuwa anakuja nyumbani Idi, tiketi moja ya kampuni isiyo ya Ulaya kutoka Frankfurt hadi Dar es Salaam, akibadilisha ndege njiani. Siku tano kabla ya safari wakamwandikia kwamba imefutwa, wakampa vocha ya kutumia ndani ya mwaka. Akanipigia. "Mjomba, nichukue?" Nikamwambia subiri, usijibu kitu.

Kanuni ile inampa abiria aliyefutiwa safari achague mwenyewe: arudishiwe fedha ndani ya siku 7, au apelekwe anakokwenda mapema iwezekanavyo kwa njia nyingine, au apelekwe siku nyingine inayomfaa yeye. Vocha haiwezi kuchukua nafasi ya fedha mpaka abiria mwenyewe akubali kwa saini. Halafu, mbali na hayo, kama taarifa imekuja chini ya siku 14 kabla, kuna fidia: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 mpaka kilomita 3,500, na euro 600 kwa zaidi ya hapo. Kutoka Frankfurt mpaka kwetu ni mbali kupita hiyo yote. Kampuni inaweza kukwepa fidia kwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa nje kabisa ya uwezo wake, kama dhoruba. Lakini Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kawaida ya mitambo haiingii humo, kwa sababu kutunza ndege ndiyo kazi yenyewe ya kampuni ya ndege. Hoja hiyo naipenda sana. Mwenye daladala hawezi kumwambia abiria kwamba tairi kupasuka ni jambo asilolitarajia maishani.

Mpwa wangu akaikataa vocha kwa barua ya mistari minne, akaomba ndege nyingine na fidia. Alipelekwa kesho yake kwa kampuni tofauti. Zile euro 600 zilichukua miezi mitatu na barua tano. Zikaingia.

Cha kushangaza, angekuwa anakwenda upande wa pili, kutoka Dar es Salaam kurudi Frankfurt, kwa kampuni ileile isiyo ya Ulaya, kanuni hiyo isingemgusa. Inahusu kila ndege inayotoka Ulaya, ya yeyote yule. Kwa ndege inayoingia Ulaya kutoka nje, inahusu kampuni za Ulaya pekee. Kwa hiyo unaweza kuwa na tiketi moja ya kwenda na kurudi, nusu yake ina ulinzi na nusu haina. Sipendi hilo. Linaniumiza, kwa sababu mtu anayeondokea kwetu ana familia inayomsubiri sawasawa na anayeondokea kwao. Ila ukilijua, wakati mwingine linakusaidia kuchagua kampuni ya kupanda.

Na hata siku ambazo fidia haipo, Ulaya matunzo yanabaki. Aprili 2010 volkano ya Iceland ilitapika majivu, anga la Ulaya likafungwa kwa siku kadhaa. Kampuni moja ikakataa kumlipia abiria wake malazi na chakula, ikisema tukio lilikuwa kubwa mno. Mwaka 2013 mahakama ileile ikasema hapana: fidia inaweza kuondoka, chakula na mahali pa kulala haviondoki, hata kama ni volkano.

Nasi tuna nini? Tuna zaidi ya watu wanavyodhani. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Montreal mwaka 2003, mwaka uleule mkataba wenyewe ulipoanza kufanya kazi. Huu unahusu safari za kimataifa. Kifungu cha 19 kinasema kampuni inawajibika kwa hasara iliyosababishwa na kuchelewa, isipokuwa ikionyesha kwamba ilifanya kila linalowezekana kwa busara kuizuia. Sikiliza vizuri: hasara. Mkataba hauna kiasi cha kugawiwa kila mtu kama huko Ulaya. Unalipwa ulichopoteza na unaweza kukithibitisha, na kuna kikomo, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni uniti 6,303 za fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa abiria mmoja. Ndiyo maana kila risiti ina thamani: ya teksi, ya gesti, ya sahani ya wali, hata ya dawa uliyonunua kwa sababu ya kwako imo kwenye begi lililokwisha kupakiwa. Mashtaka yana miaka 2. Begi likichelewa, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Likiharibika, siku 7.

Kwa upande wa hapa nyumbani, mwenye mamlaka ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na pembeni yake lipo baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, ambalo kazi yake ni kusimama na abiria. Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wasipokujibu, au wakikujibu usiporidhika, peleka malalamiko huko ukiwa na nakala za kila kitu. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka ana Baraza la Ushindani la kukatia rufaa. Nimesaidia watu wanne kuandika malalamiko ya namna hii. Wawili walimalizana na kampuni kabla faili halijafika mbali, mara tu kampuni ilipoona nakala imepelekwa kwa mamlaka. Mmoja alichoka akaacha. Wa nne bado tunasubiri, na sikati tamaa.

Nauli ya shangazi ya Tanga ilirudi baada ya siku kumi na sita. Nilipiga simu mara nne. Ilirudi kwa njia ileile tuliyolipia, kama ipasavyo, na hilo nalo lina somo kwa wanaolipa kupitia wakala: pesa zinarudi kwa aliyezilipa. Kama jina lililolipa ni la wakala, kampuni itamrudishia yeye, na wewe utamdai yeye. Chagua wakala ambaye nyumbani kwake unapajua.

Mtoto alizaliwa siku tatu baada ya shangazi kufika. Wa kike. Nimetumiwa picha, shangazi ameinamia beseni la maji ya moto mikono imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yake juu ya kabati kile kikapu cha ukili kitupu.

Tiketi yake ya kurudi ni ya mwezi ujao. Jana usiku, nimeshafunga ofisi, ikaingia sauti yake kwenye simu. "Mwanangu, hujambo. Hawa wamenitumia ujumbe, wamebadilisha saa. Sasa wanataka nifike Dar saa nane usiku badala ya mchana. Kuna kidude cha kijani wanataka nibonyeze. Sijabonyeza kitu. Nimekaa."

Nimefungua kompyuta. Naangalia ndege za mchana wa siku ileile, na ya siku inayofuata.